Saa Moja Jioni: Historia ya Kafyu Tuliyoiishi

Muulize mtu yeyote wa Nairobi akusimulie habari za korona. Mara nyingi hataanza na ugonjwa. Ataanza na saa. Atakwambia alikuwa wapi ilipofika saa kumi na mbili unusu, matatu ilikwama wapi, alitembea kwa miguu kutoka wapi hadi wapi, na alimpa nani shilingi ngapi ndiyo afike kwake. Homa na kikohozi vitafuata baadaye, kama vitafuata. Kwa wengi wetu janga lile lilibisha hodi kama kafyu kwanza, ndipo likaingia kama maradhi.

Kafyu ya Kenya ilianza Ijumaa tarehe 27 Machi 2020, wiki mbili kamili baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa, na ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Hizo ni siku zaidi ya 570. Ndani yake masaa yalisogezwa mbele na nyuma mara kadhaa: saa moja jioni, kisha saa tatu usiku, kisha saa tano, kisha saa nne, halafu saa mbili kwa kaunti chache. Vitabu vya historia vitakapoandikwa vitajaa hesabu za maambukizi, chanjo na mikopo ya serikali. Sawa, hayo lazima yaandikwe. Ila mimi nataka kuandika juu ya saa, nauli, viti vya matatu na jeneza lililozikwa na watu 15, kwa sababu humo ndimo tulimoishi.

Nina jambo moja la kusema, na nitalisema mapema ili msomaji asinitafute. Kafyu haikuwa dawa iliyotengenezewa ugonjwa huu. Ilikuwa chombo cha zamani kilichotolewa stoo, kikapanguswa vumbi, kikaambiwa sasa ni cha afya. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na uliua watu. Lakini chombo kile kilikuwa na mazoea yake, na mazoea hayo ndiyo yaliyotuchosha.

Maneno yenyewe

Tuanze na maneno, maana hapa ni kwa wapenda maneno.

Kiswahili kina namna yake ya kuhesabu saa. Jua likizama karibu na saa kumi na mbili, hesabu inaanza upya, na saa moja ndiyo saa ya kwanza ya usiku. Kwa hiyo amri ile ilitua palepale lugha yetu inapofungua ukurasa mpya. Redioni walisema kwa kubadilisha, mara "saa moja jioni", mara "saa moja usiku". Si jambo dogo. Kwa anayetoa amri, saa moja ni usiku, na mtu mwema usiku yuko kwake. Kwa mama mboga wa Kayole, saa moja ni jioni, tena jioni changa, wakati wafanyakazi ndiyo wanashuka stejini na kuuliza sukumawiki ni ngapi.

Neno kafyu lilikuja na Waingereza, nao walilitoa kwa Wafaransa wa kale, ambao kwao lilimaanisha kufunika moto. Kengele ikilia usiku, kila nyumba ifunike moto wake ili mji usiungue. Watangazaji wetu walijaribu kusema "amri ya kutotoka nje usiku", lakini mtaani hakuna mwenye pumzi ya kutamka yote hayo huku akikimbia. Tukabaki na kafyu, ambayo wazee walikuwa nayo tangu zamani.

Karantini ni neno la bandarini. Limetoka kwa Waitalia, likibeba siku 40 ambazo meli zilisubirishwa Venice na kwingineko kabla abiria hawajashuka. Wafugaji wa Kenya walilijua mapema kupitia ng'ombe. Enzi za mkoloni, karantini za mifugo zilifunga masoko ya Waafrika kwa miaka na miaka. Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa, na magonjwa kweli yalikuwepo, lakini mfugaji wa Kimaasai au wa Kikamba aliona pia kwamba ng'ombe wake hawauziki ilhali wa mzungu jirani wanauzika.

Na barakoa? Hili ndilo lililonifurahisha. Pwani, barakoa ilikuwa kifuniko cha uso cha wanawake wa tabaka la juu, Unguja na Oman, kitu cha heshima na fahari. Mwaka 2020 likawa jina la kitambaa cha shilingi 50 kinachoning'inia kidevuni mwa makanga. Ukikamatwa bila hicho kitambaa, kanuni zilisema faini hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Shilingi 20,000, na barua ya kazi hukuwa nayo tena.

Siku za kwanza

Mambo yalikwenda mbio. Tarehe 13 Machi Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza mgonjwa wa kwanza. Tarehe 15 shule zikaamriwa zifungwe. Tarehe 25 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kafyu, ianze siku mbili baadaye, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Siku ya kwanza yenyewe ilitufunza kitakachokuja. Mombasa, watu wanaofanya kazi kisiwani na kulala Likoni hawana njia ya karibu isipokuwa feri. Alasiri ile maelfu walijipanga kwenye kivuko wakiharakisha kutii amri. Polisi wakawarushia vitoa machozi na kuwapiga, na saa moja haijafika. Fikiria hapo. Umeambiwa usikaribiane na mwenzako, halafu unapigwa hadi mnakumbatiana. Umeambiwa usiguse macho, halafu unatiwa moshi machoni.

Siku tatu baadaye, usiku wa tarehe 30 Machi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao upande wa Mathare, polisi walipokuwa chini wakisimamia kafyu. Alikuwa kwao. Rais aliomba radhi kwa jumla kuhusu vitendo vya polisi. Tarehe 16 Aprili Mahakama Kuu, katika kesi iliyopelekwa na Chama cha Mawakili, iliamua kwamba kafyu yenyewe ni halali lakini nguvu ya kupita kiasi iliyotumiwa na polisi inavunja katiba. Mwanzoni mwa Juni mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ilisema imeshapokea malalamiko 87, yakiwemo ya vifo 15.

Na karantini nayo ikageuka. Waliotua kutoka nje waliwekwa hotelini au kwenye mabweni, siku 14, kwa gharama yao. Kisha serikali ikatangaza kwamba hata atakayekamatwa akivunja kafyu atapelekwa karantini. Hapo neno likahama kabisa kutoka hospitali kwenda kituo cha polisi. Si ajabu kwamba mwezi wa nne tuliona video ya watu wakiruka ukuta wa kituo kimoja cha karantini Nairobi. Mtu haruki ukuta wa mahali anapoamini anatibiwa. Mwezi wa tano serikali ilikubali kubeba gharama za vituo vyake, lakini jina lilikuwa limeshaharibika.

Hesabu ya viti

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya binafsi, sitaitaja. Mwezi wa nne tulilipwa nusu. Mwezi wa tano tukaandikiwa ujumbe mrefu wenye maneno mazuri na hakuna pesa. Mwezi wa saba, tarehe 7, Waziri wa Elimu, George Magoha, akatangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea, watoto watarudi Januari 2021. Baadaye madarasa matatu yaliitwa mwezi wa kumi, lakini sisi tuliokuwa na madarasa mengine tulibaki nyumbani. Ukisoma kwamba mwaka umepotea, unadhani ni mwaka wa watoto tu. Walimu wa shule za binafsi nchi nzima walipoteza mwaka pia, wakafuga kuku, wakauza mboga, wakarudi mashambani. Mimi nilikaanga chapati.

Biashara ya chapati ilinifunza kafyu kuliko gazeti lolote. Mteja wa chapati ni mtu wa jioni. Asubuhi anapita mbio, mchana yuko kazini au hana pesa, ni jioni ndiyo anaunganisha chapati mbili na ndengu na siku inaisha vizuri. Kafyu ikiwa saa moja, mteja huyo anapita saa kumi na mbili unusu akikimbia, macho yako mbele, hasimami. Unga niliokanda kwa chapati 80 ulikuwa unanibakia na 30. Tuliwapa majirani, tukala wenyewe, tukazila tena asubuhi. Masaa yaliposogezwa hadi saa tatu usiku, mwezi wa sita, ndipo nilianza kumaliza unga. Masaa mawili tu. Kwa aliyeamua katika ofisi, hayo masaa mawili yalikuwa mstari kwenye karatasi. Kwangu yalikuwa kodi ya nyumba.

Halafu matatu. Ile ya abiria 14 iliamriwa ibebe 8. Hesabu yake haihitaji shahada: gari ni lilelile, mafuta ni yaleyale, watu wamepungua karibu nusu, basi nauli inapanda. Njia yetu ilitoka 50 hadi 100, na mvua ikinyesha 150. Saa kumi alasiri mji wote uko stejini, kwa sababu kila mwajiri amewaachilia watu wake wakati mmoja. Viti sita vitupu ndani ya kila gari, na foleni ya watu 200 nje wakipumuliana kisogoni. Nilisikia mama mmoja akimwambia makanga, "Kijana wangu, hebu nibebe, korona nitaipata hapa hapa kwa laini." Makanga akamwangalia, akaangalia askari, akamwambia, "Mathe, si mimi." Kweli haikuwa yeye.

Agizo la kukaa nyumbani nalo lilidhani sote tuna nyumba za namna moja. Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye watu sita hakikuundwa kukaliwa na watu sita mchana kutwa. Kilikuwa mahali pa kulala. Maisha yalikuwa nje, kwenye ngazi, kwenye bomba, kwa kinyozi. Nawa mikono mara kwa mara, sawa, lakini mtungi wa lita 20 unanunuliwa, na bomba likikauka bei inapanda. Watoto wasome kwa redio na televisheni, na kwa kweli vipindi vilikuwepo na vilikuwa vizuri, lakini ndani ya chumba kile kuna mtoto wa darasa la tatu, wa darasa la saba na wa kidato cha pili, na redio ni moja. Tuligombana kuliko tulivyougua.

Watu 15

Tarehe 6 Aprili 2020 Nairobi ilifungwa. Huingii, hutoki. Siku mbili baadaye Mombasa, Kwale na Kilifi nazo zikafungwa. Mwezi wa tano Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa zikafungiwa peke yake ndani ya kufungwa kule kwingine. Wenyeji wa huko walikuwa na neno lao: tumefungiwa geti.

Mjomba wangu alifariki mwezi wa tano, Murang'a, kwa maradhi ya sukari. Kutoka Nairobi hadi kwake si mbali. Siku za kawaida unaondoka baada ya chai na unafika kabla ya chakula cha mchana. Mwezi ule Murang'a ilikuwa nchi ya nje. Mtu aliweza kuomba kibali cha kwenda mazishini, na wako waliokipata. Sisi tulizunguka siku mbili kati ya ofisi moja na nyingine, kila moja ikituelekeza kwa jirani yake, na mazishi yalitakiwa yafanywe haraka. Wako pia waliopitia njia za panya kwa bodaboda, usiku, kwa bei ambayo sitaiandika. Mama yangu ana miaka 67 na magoti mabovu. Hangeweza kumzika kaka yake kwa bodaboda.

Amri ilisema waombolezaji wasizidi 15. Hebu jaribu kuchagua watu 15 katika ukoo wa Kiafrika. Mke, watoto saba, hapo umeshafika wanane. Wachimba kaburi wanne. Mchungaji. Chifu au mjumbe wake, maana lazima awepo kuhesabu. Imebaki nafasi moja. Ndugu walipigiana simu usiku kucha juu ya nafasi hiyo moja, na maneno yaliyosemwa usiku ule mengine hayajasameheka hadi leo. Mama alitazama mazishi kwenye simu ya mpwa wangu, video ikikatika kila upepo ukivuma, na kwa muda mrefu tuliona tu viatu vya watu na udongo.

Michango pia ilibadilika. Zamani tungekutana jioni, kwenye ukumbi wa kanisa au hotelini, siku tatu nne mfululizo, watu wanachanga na kusimulia habari za marehemu. Kafyu iliua jioni hizo. Kundi la WhatsApp likachukua mahali pake. Siku hizo kutuma pesa kwa M-Pesa hadi shilingi 1,000 kulikuwa bure, mpango ulioanza Machi 2020 ili watu wapunguze kushika noti. Niliweka orodha ya michango na ninayo bado. Jina baada ya jina: 1,000, 1,000, 500, 1,000. Hata wenye uwezo waliishia hapo kwenye mpaka wa bure. Pesa zilipatikana. Simulizi hazikupatikana. Kuna mambo kuhusu ujana wa mjomba, alivyofanya kazi reli, alivyokosana na babu, ambayo yalikuwa yasemwe jioni zile na wazee ambao wawili wao nao hawapo tena.

"Kwani imerudi?"

Usiku kafyu ilipotangazwa nilimpigia simu nyanya yangu, mama wa mama, aliye kijijini. Nilimwambia, cucu, serikali imesema watu wasitoke nje kuanzia saa moja, ni kafyu. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Kwani imerudi?"

Kwake kafyu ilikuwa na tarehe. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Kuanzia 1954 Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja walihamishwa kutoka kwenye vihame vyao na kusongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Nyanya alikuwa msichana. Alinieleza kwamba kijijini kwao filimbi ikilia uwe ndani, na mwenye kukutwa nje hakuulizwa anatoka wapi. Shambani walikwenda kwa masaa machache waliyopewa, na homugadi ndiye aliyeshika saa. Mwaka 1955 Ngũgĩ wa Thiong'o, kijana wa Alliance, alirudi nyumbani likizoni akakuta kijiji chao hakipo, kimebomolewa, watu wamehamishwa. Ameyaandika katika *In the House of the Interpreter*, kitabu cha 2012. Alisubiri zaidi ya miaka 50.

Baba naye ana kafyu yake, ile ya Agosti 1982, baada ya jaribio la kupindua serikali. Kwa hiyo katika familia moja tuna vizazi vitatu na kafyu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya vita, ya pili ya siasa, ya tatu ya ugonjwa. Kilichobadilika ni sababu. Njia ya kuisimamia haikubadilika sana: kizuizi barabarani, tochi usoni, rungu, na karatasi. Waliohesabiwa kuwa wa huduma muhimu walitembea na kitambulisho cha kazi na barua. Nyanya aliposikia hayo alicheka, akasema baba yake alikuwa na kipande shingoni, ndani ya kopo. Mfumo ule wa kipande uliwabana wanaume wa Kiafrika tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Hata sheria haikuwa mpya. Kafyu ya 2020 ilitolewa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, iliyoanza kutumika mwaka 1950, miaka miwili kabla ya Hali ya Hatari. Sheria ya Afya ya Umma ni ya 1921. Na kabla ya sheria hizo, ugonjwa na utawala walikuwa wameshazoea kutembea pamoja mjini hapa. Mwaka 1902 tauni ilipoingia Nairobi, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya serikali. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, W. J. Simpson, alikuja kukagua miji yetu na akapendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe makazi, kwa jina la usafi. Ramani ya Nairobi bado ina alama za mawazo yale. Ukitaka kuziona, angalia 2020 ni mitaa gani ilikuwa na maji ya kunawa na mitaa gani ilikuwa na polisi wa kutosha.

Sisemi kwamba mambo ni mamoja. Mwaka 2020 tulikuwa na mahakama iliyoweza kuhoji, magazeti yaliyoweza kuandika, na rais tuliyempigia au kumnyima kura. Na adui hakuwa wa kubuni. Katikati ya 2021, kirusi cha Delta kilipopiga Kisumu na kaunti za magharibi, 13 kwa jumla, saa moja jioni ilirudishwa huko, na safari hiyo niliwajua watu waliokosa oksijeni. Mtu aliyekuwa na mgonjwa Kisumu mwezi ule hawezi kunivumilia nikisema kafyu ilikuwa mchezo. Ninachosema ni kwamba kukosa oksijeni hakukutibiwa na rungu, na mtu anaweza kuuogopa ugonjwa na kuichukia kafyu kwa wakati mmoja bila kuwa mjinga. Tuliambiwa mara nyingi mno kwamba sisi ni wakaidi. Kumbe tulikuwa tumechelewa matatu.

Mtoto wa London

Wasomaji wengi walirudi kwa Daniel Defoe miezi ile, na mimi nilikuwa mmoja wao, kwenye simu, kitandani, kafyu ikiwa nje. *A Journal of the Plague Year* kilitoka 1722, kikisimulia tauni ya London ya 1665. Wakati wa tauni yenyewe Defoe alikuwa mtoto wa miaka kama mitano. Alijenga msimulizi mtu mzima kutokana na kumbukumbu za wengine, karatasi za serikali na hesabu za vifo.

Kilichonishika si vifo. Ni nyumba zilizofungwa. Akipatikana mgonjwa mmoja, nyumba nzima ilifungwa kwa nje pamoja na wazima, mlangoni akawekwa mlinzi mchana na usiku. Na Defoe anatuonyesha watu wakifanya kila hila kutoka: wanamlaghai mlinzi, wanampa pesa, wanabomoa ukuta wa nyuma. Nilisoma hayo wiki ileile ya video ya watu wakiruka ukuta Nairobi. Zaidi ya miaka 350 imepita na ukuta bado unarukwa, kwa sababu ileile.

Lakini mfikirie yule mtoto wa miaka mitano. Nairobi 2020 ilikuwa na watoto wengi wa miaka mitano waliokaa chumbani wakisikiliza wakubwa wakibishana juu ya nauli. Mmoja wao ataandika riwaya yetu, pengine mwaka 2070. Atahitaji vitu. Takwimu za wizara atazipata. Maagizo ya gazeti rasmi atayapata, yote, na masaa yake. Atakavyokosa ni vile vidogo: chapati ngapi zilibaki, nani alikalia nafasi ya 15, makanga alijibu nini.

Wang'uru

Kafyu ilikaribia kuvunjika mara moja kabla ya kuondolewa. Machi 2021 Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilifungwa tena, kafyu saa mbili usiku. Jumamosi tarehe 17 Aprili polisi waliweka vizuizi Thika Road ilipofika saa mbili, na magari yakasimama hapo masaa na masaa, ya kifahari na ya kawaida, na ambulensi katikati yake. Picha zilijaa mitandaoni, na hasira nayo ikajaa. Nilizitazama nikiwa na hisia mbili. Niliwahurumia, hasa waliokuwa na wagonjwa. Na nilijiuliza kwa nini mwaka mzima wa watu wa miguu kwenye foleni za steji haukuwahi kuitwa janga la taifa.

Mwisho ulifika tarehe 20 Oktoba 2021, Sikukuu ya Mashujaa. Uhuru Kenyatta alisimama uwanja wa Wang'uru, kaunti ya Kirinyaga, akatangaza kafyu imeondolewa, na uwanja ukalipuka kwa shangwe. Mtaani kwetu watu walipiga sufuria.

Tazama tarehe na mahali. Tarehe 20 Oktoba ndiyo siku Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952 na baba yake, Jomo, akakamatwa usiku ule; ndiyo maana ni sikukuu. Na Wang'uru iko Mwea, ambako mifereji ya mpunga ilianza kuchimbwa miaka ya 1950 na watu waliokuwa wamefungwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Sijui kama aliyepanga sherehe alilifikiria hilo. Nyanya alilifikiria. Nilipomwambia imeondolewa, aliuliza imeondolewa wapi, nikamwambia Mwea, akasema, "Basi imerudi kwao."

Agizo liliondolewa siku ile. Sheria ya 1950 haikuondolewa. Ipo, imekaa stoo inangoja sababu nyingine. Kwa hiyo nakuomba, wewe unayesoma, kama ulikuwa na kioski na bado una daftari la madeni la 2020, usilitupe. Kama una orodha ya michango ya matanga kwenye simu, ihamishe kabla simu haijafa. Na kama una nyanya au babu aliyeishi kafyu ya zamani, mpigie leo, umuulize ilikuwa saa ngapi, na nani aliyekuwa ameishika saa.